Hitilafu ya mtambo mnarani: simu, daftari, tiketi, NOTAM au ripoti ya usalama?

Mwongozaji ndege aliye zamu kwenye Uwanja wa Abeid Amani Karume akikutana na redio inayokwaruza, ana njia tano rasmi za kulifikisha jambo hilo: simu kwa fundi wa zamu, daftari la kituo, tiketi ya matengenezo, ombi la NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani) na ripoti ya usalama. Ya sita haimo kwenye mwongozo wowote ila imo mfukoni mwa kila mtu, nayo ni kundi la WhatsApp. Mazoea ni kushika ile iliyo karibu na mkono, kisha kuhesabu kuwa kazi imekwisha. Hapo ndipo hitilafu nyingi zinapopotelea, kwa sababu kila njia ina msomaji wake na kila msomaji ana mipaka yake. Fundi wa zamu anaweza kukuhamishia redio ya akiba, lakini hawezi kuagiza transmita mpya. Ofisi ya usalama inaweza kubadili utaratibu wa kituo kizima, lakini haimfikii rubani aliye maili kumi kutoka uwanjani.

Kupima ukubwa wa tatizo peke yake hakukusaidii kuchagua. Jiulize ni nani anayetakiwa kufanya kitu, na kabla ya saa ngapi.

Ndege kwanza

Hakuna njia kati ya hizo sita inayotangulia kuzihudumia ndege zilizo angani. Redio ya ardhini ikifa, utaratibu wa ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwenye Hati namba 4444 ni huu: jaribu kuwasiliana kwa masafa ya dharura, 121.5 MHz, pima hali ya ndege ulizo nazo, vijulishe bila kuchelewa vituo vya jirani, ambavyo kwa Unguja na Pemba maana yake kwanza ni Dar es Salaam, kisha viombe vizishikilie au vizielekeze kwingine ndege ambazo hazijaingia kwenye eneo lako. Taa ya ishara iwe mezani, imechajiwa, na anayeishika ajue kuwa kijani isiyomwekamweka kwa ndege iliyo angani ni ruhusa ya kutua, na nyekundu isiyomwekamweka ni kupisha na kuendelea kuzunguka.

Masafa yakizibwa na kitufe cha kuongelea kilichokwama ndani ya ndege, usimpigie fundi kwanza. Mtambo wako ni mzima. Mtafute mwenye kitufe, kwa 121.5 au kupitia ofisi ya kampuni yake. Ndege ndogo za abiria zinazopishana kutwa kati ya Dar na Unguja ni nyingi, na simu moja kwa ofisi ya safari huweza kumaliza jambo haraka kuliko fundi kupanda ngazi za mnara.

Mtambo ni wa nani?

Swali hili hurukwa sana, na ndilo linalochelewesha matengenezo kuliko ukosefu wa spea. Huduma za uongozaji ndege ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, wakati viwanja vya Unguja na Pemba vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Kwa hiyo redio, laini za sauti na mitambo ya kuongozea ndege huenda kwa mafundi wa TCAA. Taa za njia ya kurukia, taa za PAPI (zinazomwonyesha rubani kama yuko kwenye mteremko sahihi wa kutua) na umeme wa uwanja huenda kwa watu wa uwanja. Umeme wa gridi wenyewe ni wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, lakini mwongozaji hampigii ZECO, anawapigia watu wa uwanja.

Mfano ni PAPI. Rubani anasema, "Ninaona nyekundu tatu na nyeupe moja, wakati vyombo vyangu vinasema niko sawasawa kwenye mteremko." Taa mojawapo kati ya nne huenda imesogezwa na mashine ya kukatia majani, au unyevu wa alfajiri umeganda kwenye lenzi na rangi zimechanganyika. Ukiliandika hilo kwenye tiketi ya mafundi wa redio, litakaa huko siku kadhaa, litarudishwa na maneno "si yetu", na PAPI itaendelea kuwadanganya marubani usiku. Simu ya kwanza iende kwa msimamizi wa uwanja wa zamu, na rubani anayefuata aambiwe kwa redio asiitegemee.

Simu: ya haraka, lakini haiachi alama

Simu kwa fundi ni ya lazima panapohitajika mkono wa mtu ndani ya saa hiyo. Ubaya wake ni kuwa "redio mbovu" haimwambii fundi chochote. Kabla ya kuinua mkono wa simu, tumia nusu dakika kupata majibu manne.

Ni ndege moja au zote? Ikiwa moja, huenda redio yake ndiyo mbovu. Ni kusikia au kusikika? Hiyo inatenganisha risiva na transmita. Redio ya akiba nayo iko vilevile? Ikiwa zote mbili zinakwaruza, fikiria kinachozihudumia zote: antena zinayoshirikiana, kebo, umeme, au mwingiliano kutoka nje. Ni meza moja au zote? Ikiwa meza moja tu, shuku hedseti, tundu lake au kitufe cha kuongelea kabla ya kushuku mtambo wa mamilioni.

Ukiwa na majibu hayo, simu inakuwa fupi:

"Fundi, habari za kazi. Masafa ya mnara, redio kuu, upande wa kusikia. Tangu 0612, ndege zilizo kama maili 20 kusini zinakatika, zilizo karibu ni safi. Ndege tatu tofauti. Meza zote mbili sawa. Nimehamia akiba 0615, akiba safi."

"Sawa dada, usirudi kwenye kuu mpaka nikwambie."

Kwa maelezo hayo fundi ameshajua aanzie wapi kabla hajashuka kwenye gari. Karibu safi na mbali kunakatika maana yake risiva inafanya kazi ila mawimbi yanayoifikia ni hafifu, na katika visiwa mtuhumiwa wa kwanza ni konekta ya antena. Hewa ya chumvi hula shaba mpaka ikawa kijani, na mvua za masika huingiza maji kwenye kebo palipochanika utepe wa kuzuia maji. Upande wa kusikika, dalili yake ni nyingine: nguvu iliyotakiwa kutoka hurudi nyuma kwenye transmita, nayo hujipunguzia nguvu ili isiungue. Mnarani utaona kila kitu kinawaka kama kawaida, ila ndege za mbali hazikujibu.

Tahadhari moja hapa: kujisikia mwenyewe kwenye hedseti si ushahidi kuwa unasikika angani. Katika mifumo mingi sauti hiyo hutengenezwa na meza yenyewe. Ushahidi ni jibu la ndege.

Daftari: linadharauliwa kuliko linavyostahili

Mwandishi wa makala hii akilazimishwa kubaki na njia moja ya maandishi, atabaki na daftari la kituo kuliko mfumo wowote wa kompyuta. Daftari halihitaji mtandao, linasomwa wakati wa kukabidhiana zamu na mtu ambaye dakika tano zijazo atakuwa ameshika kipaza sauti, na ndilo la kwanza kuombwa na mchunguzi. Simu humtibu mgonjwa wa sasa, daftari linambeba mpaka zamu nyingine.

Kinacholiharibu ni saa. Kwetu tatizo hili lina sura tatu. Mtu akiandika "0900" bila herufi ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), inaweza kuwa 0900 UTC, yaani saa sita mchana kwa Waswahili. Inaweza kuwa 09:00 ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu asubuhi, 0600 UTC. Au, na hili hutokea kwa mtu aliyechoka, ni saa tisa alasiri aliyoifikiria kwa Kiswahili na kuiandika kwa tarakimu, ambayo ni 1200 UTC. Maandishi hayohayo, tofauti ya saa sita. Mchunguzi akifungua rekodi ya sauti kwa saa hiyo atasikia kimya, ataandika kuwa tukio halikuthibitika.

Tarehe nayo hubadilika. Saa saba usiku wa kuamkia tarehe 5 kwetu ni 2200 UTC ya tarehe 4. Andika UTC pekee, tarehe ya UTC, na usiweke saa ya kwetu pembeni kama msaada, maana huo msaada ndio unaozaa mkanganyiko. Saa za meza zenyewe zikaguliwe: Annex 11 (kiambatisho cha kanuni za ICAO) inataka zisipishane na UTC kwa zaidi ya sekunde 30. Saa iliyopotea dakika mbili ni hitilafu ya kuripotiwa kama hitilafu nyingine.

Sentensi ya daftari iwe na mtambo, dalili, saa ya kuanza, ulichofanya, uliyemwambia na saa uliyomwambia, kisha hali wakati wa kuandika. Usiandike chanzo unachokikisia. "Antena imeoza" ni hukumu ya fundi. "Ndege za mbali zinakatika" ni yako.

Tiketi: kwa ajili ya spea na kumbukumbu ya miezi

Tiketi, iwe ya kompyuta au fomu ya karatasi, haimwokoi rubani wa leo. Kazi yake ni kuhesabu. Mhandisi anayepanga bajeti haoni daftari lako. Anaona kuwa redio ileile imefunguliwa tiketi mara sita tangu vuli. Hitilafu iliyotengenezwa kwa simu sita bila tiketi kwake haijawahi kutokea, na ombi la spea litapita mwaka mwingine.

Kwa Pemba tiketi ina uzito zaidi. Fundi wa mtambo fulani, au kadi yake, huenda akatoka Unguja au Dar, na akifika Chake Chake na kadi isiyo yake safari imepotea. Kwa hiyo tiketi ya Pemba ibebe picha ya kibandiko cha kifaa chenye namba ya kipande na namba ya utambulisho, picha ya taa za mbele zilivyo wakati wa hitilafu, na maandishi ya kosa kwenye skrini kama yalivyo, bila kufupishwa. Usizime na kuwasha kabla ya kupiga picha, ila kama huduma imekatika. Kuzima na kuwasha hurudisha mtambo na hufuta ushahidi kwa pamoja.

Vitu viwili hustahili tiketi na huwa havipati, kwa sababu havionekani kuwa "mitambo ya anga". Cha kwanza ni kiyoyozi cha chumba cha mitambo. Betri za UPS (kifaa kinachoshikilia mitambo umeme unapokatika) za aina iliyofungwa hutengenezwa kwa joto la nyuzi 25 hivi, na kanuni ya mafundi ni kuwa kila nyuzi 10 juu ya hapo hupunguza umri wake karibu nusu. Kiyoyozi kilichokufa wakati wa kaskazi hakizimi chochote siku hiyo. Kinaziua betri taratibu, na utajua siku umeme utakapokatika.

Cha pili ni muda wa jenereta kupokea. Unguja wanajua umeme unaokuja kwa kebo ya baharini kutoka bara unavyoweza kupotea, si kwa dakika tu. Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Umeme ukikatika, tazama saa. Kwa njia ya kurukia inayotumiwa na ndege zinazokaribia kwa vyombo, hadi daraja la kwanza, Annex 14 inataka taa za kandokando zipate umeme wa akiba ndani ya sekunde 15. Jenereta iliyochukua sekunde 40 imewaka, kila mtu ameridhika, na ni hitilafu.

WhatsApp

Inafaa kwa picha na kumwuliza fundi yuko wapi. Haifai kwa kitu kingine. Ujumbe unasukumwa juu na pongezi za harusi, saa iliyoonyeshwa ni ya kwetu si UTC, walio kundini si wote wenye haki ya kuona matukio ya kituo, na mtu aliyejibu kwa alama ya kidole gumba hajapokea jukumu lolote. Ukitumia kwa picha, ihamishie picha kwenye tiketi siku hiyohiyo.

NOTAM: kwa marubani ambao bado hawajaondoka

Mwongozaji hatoi NOTAM. Anaomba itolewe, kupitia ofisi ya taarifa za anga, baada ya fundi kuthibitisha kuwa huduma haipo. Kila hitilafu haihitaji NOTAM. Redio kuu ikifa na akiba ikafanya kazi kwa masafa yaleyale, rubani haoni tofauti, kwa hiyo hakuna cha kumtangazia. VOR (mtambo wa redio unaomwonyesha rubani mwelekeo) ikizimwa, au taa za kandokando zisipowaka, anaona, na hapo NOTAM ni lazima. Ndani yake msimbo utakuwa kama QNVAS kwa VOR isiyofanya kazi au QLEAS kwa taa za kandokando, na saa zake ni tarakimu kumi za UTC: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika.

Ulinganisho wa maana hapa ni kati ya NOTAM na redio. Safari ya Dar hadi Unguja ni kama dakika 20 angani. Rubani aliyesoma taarifa zake asubuhi na kufanya mizunguko minne hatafungua tena kabla ya kila mzunguko. Kwa hiyo NOTAM ni ya wale wa mbali, ndege za kukodi kutoka Ulaya na mashirika yanayopanga mafuta na uwanja mbadala. Wa karibu mwambie mwenyewe kwa redio, mmoja baada ya mwingine, na uwaambie Dar wawaambie kabla hawajaondoka.

Mtego wa NOTAM ni neno EST (makadirio) baada ya saa ya mwisho. NOTAM yenye neno hilo haijifuti. Saa hiyo ikifika bila NOTAM kubadilishwa au kufutwa, marubani wanaendelea kusoma kuwa mtambo ni mbovu wiki nzima baada ya fundi kuutengeneza, na wakizoea kuona NOTAM zilizochacha hawataziamini zilizo hai. Andika kwenye daftari saa ya EST na jina la zamu inayotakiwa kuishughulikia.

Mtambo wa kuongozea ulio kwenye majaribio ni jambo jingine. Utambulisho wake wa sauti za Morse huondolewa au huwekwa TST (jaribio). Rubani akikwambia sindano inaonyesha vizuri lakini hasikii utambulisho, mwambie asiutumie.

Ripoti ya usalama

Annex 19 ya ICAO, iliyotoka 2013, inazitaka nchi ziwe na mfumo wa ripoti za lazima na wa ripoti za hiari. Ripoti hii haitengenezi mtambo. Inauliza kwa nini hitilafu iliweza kugusa ndege, na ni kinga gani ilibaki.

Mpaka wa kuiandika huwa unabishaniwa. Kwa maoni yetu, andika ikiwa ndege ilibadilishiwa mpango kwa sababu ya mtambo: ilirudi hewani, ilizungushwa, au nafasi kati ya mbili ilipungua. Andika ikiwa akiba nayo ilikufa, au umefanya kazi kwa akiba peke yake zaidi ya zamu moja. Andika ikiwa ni tiketi ya tatu ya kitu kilekile. Na andika, hata kama hakuna kilichotokea, ukiona kituo kimejitengenezea njia ya mkato: redio inayozimwa na kuwashwa kila alfajiri, laini ya Dar inayokatika mpaka makadirio ya ndege yanapelekwa kwa simu ya mkononi ya mtu. Karatasi iliyobandikwa kwa selotepu juu ya swichi, imeandikwa USIGUSE, na hakuna aliyepo anayejua nani aliiweka, ni ripoti ya usalama iliyokosa kuandikwa.

Ripoti ya lazima ina jina lako; ya hiari inaweza kulindwa. Kwenye kituo kidogo ulinzi huo ni mwembamba. Pemba, ukiandika tarehe, saa na meza, wote wanajua nani alikuwa zamu hata jina likifutwa. Ikiwa jambo ni la hali inayoendelea, liandike kama hali: "laini ya moja kwa moja hukatika wakati wa mvua, mara kadhaa kwa mwezi", bila kufunga tukio moja. Ikiwa ni tukio lililogusa ndege, usijifiche. Hilo ni la lazima, na rekodi ya sauti ipo. Rekodi hizo hutakiwa kutunzwa angalau siku 30, baada ya hapo mtambo unaweza kuandika juu yake. Ombi la kuihifadhi liende siku ya tukio, kwa maandishi, likitaja masafa na dakika za UTC za kuanzia na kuishia.

Kwa kuchagua haraka

| Kilichotokea | Dakika hizi | Kabla ya kukabidhi zamu | Siku zinazofuata |
|---|---|---|---|
| Redio kuu imekufa, akiba nzima | Hamia akiba, simu kwa fundi | Daftari, tiketi | Ripoti ikiwa akiba inabaki peke yake |
| Redio inakatika, mara ipo mara haipo | Majibu manne, simu | Daftari kila inapotokea, tiketi moja yenye orodha ya saa | Ripoti ikirudi mara ya tatu |
| Taa za kandokando haziwaki usiku | Waambie ndege na Dar, simu kwa msimamizi wa uwanja | Daftari, ombi la NOTAM | Ripoti |
| Kiyoyozi cha mitambo kimekufa | Hakuna la haraka | Tiketi, simu ya kawaida | Fuatilia joto la chumba |

Mstari wa pili ndio mgumu. Hitilafu inayokuja na kuondoka huwa imepona fundi anapofika, naye anafunga tiketi kwa "imejaribiwa, nzima". Kumjaribia redio kwa gari lililo chini ya mnara hakuthibitishi chochote kuhusu maili 20. Tiketi ya aina hiyo isifungwe na fundi peke yake: ifungwe baada ya mwongozaji kuandika daftarini kuwa ndege zimesikika safi kutoka umbali uleule na upande uleule ulioripotiwa, na ikiwa ilianza wakati wa mvua, basi baada ya mvua nyingine kunyesha.